Mahali pa Kuzaliwa

Nimepanda basi kutoka Ibra, saa kumi na tatu hivi.
Mkobani nina halwa, panadoli, na cheti chako cha kuzaliwa
kilichopigwa muhuri Wete, kikakunjwa mara nne,
hata mkunjo umekula jina la mkunga.

Mnara wenyewe si mrefu. Nilidhani ungekuwa mrefu.
Jiwe la kijivu juu ya kilima, na ukungu wa Agosti
umelilainisha kama sabuni iliyosahauliwa kwenye beseni.
Majina thelathini na nane. Nimeyasoma kwa kidole.
Baada ya Rashid anakuja Salim.
Kati ya *re* na *sini* kuna *ze*,
na kwenye *ze* hakuitwa mtu.

Zahor, hawakukuita.

Kijana wa wizara, Yaaqub, kanzu yake imenyooka kama karatasi,
ananieleza kwa adabu, Kiarabu cha polepole kwa ajili yangu:
"Mama, hawa ni wana wa wilaya. Waliozaliwa wilayani."
Anakigeuza cheti. Anatafuta upande wa kusomea.

Namwambia baba yetu aliitwa Gharib.
Ni jina tu, mwanangu, si hukumu.
Namwambia babu aliiacha wilaya hiyo na deni la zamu ya maji,
sisi tukarudi na masanduku mawili na cherehani,
na mwaka ule hakuna aliyeuliza tulizaliwa wapi.
Jeshi lilitaka miguu.

Miguu ulikuwa nayo. Uliniandikia:

*Hapa ukungu hushuka, mchana ukawa giza,*
*viatu vimeraruka, na chai tunapunguza.*
*Dada, usije sumbuka, nikikawia kujuza:*
*siku nitakayofika, yote nitayaeleza.*

Mizani ilitimia. Wewe hukutimia.

Humeid, aliyerudi na sikio moja, ndiye aliyenieleza.
Alisema mlizungumza Kiswahili kwenye redio
ili wa upande wa pili wasikie wasielewe.
Mkahesabu risasi kwa majina ya matunda:
mashelisheli kumi, mafenesi mawili, doriani hakuna.
Alicheka aliponisimulia, kisha akaomba maji.
Neno lako la mwisho, alisema, lilikuwa "ngojeni."
Hakusema mngoje nini.

Mnara umeandikwa Kiarabu, na chini yake Kiingereza.
Lugha mliyoombea maji haimo.

Nyuma ya kilima mama mmoja anauza maziwa ya ngamia
kwenye chupa zilizokuwa za soda. Anaitwa Tuful.
Aliniuliza, wako yupi? Nikasema, wangu hayumo.
Akafunga kizibo, akakifungua, akakifunga tena.
"Na wangu hayumo. Alikuwa huku juu,
akiwapiga wenu."
Sikujua niondoke au nilipe.
Nikalipa. Maziwa yalikuwa ya moto bado.
Tulikunywa chupa moja, kila mtu na upande wake wa mdomo wa chupa,
na ngamia wake akitutazama
kama karani anayetaka kufunga ofisi.

Yaaqub amepiga picha cheti. Ataulizia Maskati.
Najua "ataulizia." Nimezeeka ndani ya neno hilo.

Lakini fundi yuko bado, Bijoy wa Kerala,
anazibua herufi kwa mswaki, moja moja,
hajui kusoma hata moja na hakuna aliyoikosea.
Nikamwonyesha chini ya jina la mwisho
pamebaki wazi, upana wa vidole vinne.
Nikamuuliza kwa mikono: hapa pa nani?

Akafikiri. Akaonyesha ukungu, akaonyesha jiwe,
akateremsha vidole vyake taratibu hadi chini.
Pa maji, alimaanisha.
Yapate pa kupita.

Basi linapiga honi. Ngojeni,
nasema, kwa sauti kuliko nilivyokusudia,
na nyuma ya kilima Tuful anageuka.